Mti wa Kudumu

Ukimpa mtu wa Kwale mche wa matunda ukamwambia achimbe shimo aupande, umesema neno kubwa. Kama hukujua umesema nini, shauri yako. Mwatime alipopewa wake aliuliza na kuuliza tena, mbele ya watu, na kila alipouliza aliambiwa panda.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, milimani upande wa West Virginia, pale lami ilipokwisha na simu ya Safa ikapoteza mtandao. Mwatime alikuwa ameendesha gari kutoka Greenbelt, kazini kwake, tangu asubuhi. Kando yake alikaa Miss Audrey, bibi wa Kizungu aliyepita themanini na mwenye magoti yaliyokataa kazi. Mwatime ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimpikia na kumpa dawa. Kila mwaka baridi ilipokwisha, bibi huyu alipelekwa kwenye shamba ambalo yeye na wenzake walilinunua walipokuwa wasichana wenye hasira, wakaapa kwamba hakuna mwanamume atakayelala juu yake. Wenyewe waliliita Shamba la Wanawake. Mwaka huu hakupatikana mwingine wa kumpeleka. Mwatime akakubali, na Safa, bintiye wa miaka kumi na saba, akaburutwa kiti cha nyuma.

"Mama, hapa hata ambulensi haifiki," Safa alisema kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, mpaka matusi, lakini kujibu alijibu kwa lugha ya shule.

"Sisi tulizaliwa bila ambulensi na tuko hai."

"Walio hai ndio wanaosimulia."

Miss Audrey aliuliza wanacheka nini.

"Anasema kwenu kuzuri," Mwatime alimjibu.

Na kweli kulikuwa kuzuri. Wanawake waliowapokea walikuwa wakipasua kuni, na hata aliye mdogo kuliko wote angeweza kuwa na wajukuu. Walisema hawana kiongozi, lakini aliyezungumza wakati wote alikuwa mama mrefu mwenye mikono ya kazi aliyejiita Linden, jina la mti; jina alilopewa na babake alilitupa siku alipohamia. Linden aliwazungusha wageni. Akawaonyesha bustani, kuku, chemchemi, na choo cha shimo, ambacho alikieleza kwa heshima kubwa, namna ya kumwagia maranda ukimaliza, mpaka Mwatime akageuza uso kuficha kicheko. Yeye alikulia kwenye choo cha shimo. Hakujua kuna watu husoma vitabu ili wakifikie.

Lakini udongo. Mwatime aliinama akauchota, akaufinya, ukashikamana kisha ukamwagika, mweusi, wenye harufu ya mvua. Hapakuwa na ukuta wala askari, na hakuna aliyetoka kuuliza huyu anatafuta nini. Tangu aje Amerika alikuwa ameishi juu ya kapeti za watu.

Kwenye mteremko kulikuwa na miti ya matunda, mingi, kila mmoja umefungwa kibati chenye jina la mwanamke.

"Miti mingi," Safa alisema akisoma vibati. "Nyumba nne."

"Wengine watakuwa wamejenga kule nyuma."

"Kule nyuma ni msitu, Mama."

Mwatime hakumsikiliza. Linden alikuwa anakuja na mche, mizizi imefungwa gunia lililolowa.

"Huu wako," Linden alisema. "Hapa kila mwanamke ana mti wake."

Mwatime hakuupokea. "Mti wa matunda?"

"Tufaha. Ukipenda, peasi pia ipo."

"Niupande wapi?"

"Popote moyo wako unapotaka."

"Na nikishaupanda, nani atakuja kuung'oa?"

Linden aliwatazama wenzake, akacheka kwa upole. "Nani aung'oe? Ni wako. Utakuwepo hapa sisi sote tukishakufa."

"Mmesikia nyote?" Mwatime aliwauliza wale wengine.

Wakasema wamesikia. Mmoja, ambaye machozi yake yalikuwa karibu, alikuja akamkumbatia.

Huko Kwale mwenye shamba hana ugomvi na muhogo wako. Panda muhogo, panda mahindi, panda mchicha, simamisha kibanda cha udongo na ukae mpaka uzeeke, mradi ujue kwamba kila ulichopanda kitang'olewa kiliwe na ardhi ibaki tupu kama ulivyoikuta. Usipande mti wa kudumu tu. Mnazi, mwembe, mkorosho: mwenye mti ana mguu ardhini, na hata ukimfukuza lazima mti wake uutaje na uulipe. Bibi yake Mwatime, Bi Mejumaa, alipanda mnazi mmoja nyuma ya jiko akauficha kwa mihogo. Ulipofika kimo cha mtoto, mwenye shamba alikuja kutoka mjini. Hakutuma mtu. Aliung'oa mwenyewe, na suruali yake nyeupe, akaupitisha mbele ya mlango ambapo Bi Mejumaa alikuwa ameketi akisuka makuti. Mwezi haukuisha, nyumba ikabomolewa. Sasa pale pana hoteli, na wageni hupumzika kwenye kivuli cha minazi iliyopandwa na wenye ruhusa ya kupanda. Hayo hayakuandikwa popote. Yamekaa kwenye vichwa vya watu kama Mwatime, na wenye mashamba wanaomba vichwa hivyo vife upesi.

Kwa hiyo Mwatime alichagua mahali polepole. Alichagua chini ya mteremko, karibu na kijito, mbele ya nyumba ya Miss Audrey iliyokaa tupu mwaka mzima. Alichimba mwenyewe. Akasema bismillahi, akausimamisha mche, akarudisha udongo na kuukandamiza kwa nyayo, kisha akachana ukingo wa kanga yake akafunga kipande kwenye shina. Safa alikuwa akimpiga picha kwa mzaha. Alipouona uso wa mama yake, akaishusha simu.

*

"Umeandikiwa?" Wamaitha aliuliza.

Walikuwa jikoni kwa Mwatime, mjini Laurel, kwenye jengo la ghorofa ambalo wamiliki wake wapya walikuwa wamebandika tangazo kwenye kila mlango. Mwatime alilihamishia kwenye friji. Kila mpangaji asaini mkataba mpya, wa kodi mpya ya kumtoa mtu jasho, kabla ya Aprili kuisha, au ahame kabla ya Mei kuisha. Wamaitha, nesi kutoka Murang'a na rafiki wa tangu siku za kwanza, alilisoma lile tangazo mara mbili kabla ya kuketi. Yeye alikuwa na nyumba yake Landover, ya benki bado, lakini yake.

"Nimepanda mti mbele ya mashahidi," Mwatime alisema.

"Mama Safa, mimi nakuuliza title, hati ya shamba, wewe unaniambia mti."

"Nyinyi watu wa bara mnapenda makaratasi kwa sababu ndiyo mliyotunyang'anyia."

"Mimi nimekunyang'anya nini? Si nimekuletea mandazi."

"Mandazi yenyewe magumu."

Wakacheka, lakini Wamaitha hakuliacha. "Na hao si ndio wale wanawake wanaooana?"

"Kulala kwao si kulala kwangu. Hawakuniuliza naswali wapi. Mimi niwaulize wanalala na nani?"

"Sikatai. Lakini nikuambie, huku watu hupanda miti kama vile sisi hupiga picha. Shule inapanda, benki inapanda, mtu akifa jirani wanapanda. Mti ni mti."

"Niliuliza, Mama Boni. Niliuliza nikarudia kuuliza."

"Uliuliza kwa Kiingereza. Swali lenyewe lilikuwa Kidigo, la kwenu Kwale."

Mwatime aliinuka akamimina chai ambayo hakuna aliyeiomba. Ikafurika mpaka kwenye sahani.

"Saini tu," Wamaitha alisema kwa sauti ya chini. "Saini, kisha uende huko shambani ukiwa na mlango wa kurudi."

"Nikisaini hii, mshahara wangu wote nimeuweka mfukoni mwa mtu nisiyemjua, na mwaka ujao atataka tena. Mpaka lini?"

Wamaitha alilitazama tena lile tangazo kwenye friji. Jibu wanalo wanaopandisha kodi.

*

Kazini, akimwogesha Miss Audrey, Mwatime alianza kuishi kule. Alimpaka sabuni mgongoni, huku katika mawazo yake akifyeka nyuma ya ile nyumba. Muhogo hautaota, baridi itauua. Lakini mchicha utaota, kunde zitaota, na bamia majira ya joto. Kuku atachinja mwenyewe kwa kisu chake, na wale mama hawali nyama, kwa hiyo chungu hakitachanganyika.

Kisha hofu ikaingia kwa mlango wa nyuma. Safa alibakiza mwaka mmoja wa shule. Kule angeumalizia wapi, kati ya watoto gani? Msikiti uko wapi? Idi atampikia nani biriani, akina Linden na maharage yao? Na siku atakapokufa, nani atamwosha? Yeye amewaogesha watu wa nchi hii wazima na wagonjwa. Kule mlimani hakuna hata mmoja ajuaye kumwosha maiti wa Kiislamu. Angelazimika kumfundisha Safa, na Safa bado hajui kukunja kanga.

"Umenyamaza leo," Miss Audrey alisema.

"Paa la nyumba yako kule linavuja?"

"Kidogo, upande wa jiko." Bibi aligeuza shingo kwa shida amtazame. "Ungeweza kuishi kule, Mwatime? Kweli?"

"Ningeweza."

Macho ya Miss Audrey yalijaa maji, si ya kuoga. "Nitawaambia wenzangu. Sikuthubutu kukuomba."

Mwatime akamfunga taulo. Alilisikia hilo neno, kukuomba, likampita kama gari la mtu mwingine. Hakujiuliza kuomba nini. Aliyepanda mti haombwi wala haombi, anangojwa tu.

*

Siku ya mwisho ya Aprili alishuka kwenye ofisi ya jengo na mkataba mkononi, akiwa amevaa buibui lake zuri. Binti wa ofisi alikuwa akila saladi, akaendelea kula.

"Unahitaji mkalimani?"

"Nahitaji kukurudishia hii."

Binti alifunua kurasa akitafuta saini, hakuiona. "Una hakika? Nyumba yako ina watu wanaoingoja. Ukishasema hapana, kwenye mtambo inahamia kwao mara moja."

Mwatime alimtazama akiinua ukucha juu ya kibodi. Aliwaza amwambie subiri kidogo, nimpigie mtu simu. Lakini ampigie nani? Wamaitha angesema saini. Bi Mejumaa hakuwa na simu.

"Nina pangu," alisema.

"Hongera," binti akasema, ukucha ukashuka.

*

Katikati ya Mei waliitwa tena mlimani, wote watatu. Mche ulikuwa umeshika. Majani machache yalikuwa yametoka juu ya kile kipande cha kanga, na mtu alikuwa ameongeza kibati chenye jina lake. Mwatime aliligusa jani moja, kisha akaenda kuketi na wengine kwenye duara la viti. Pale walikuwa na desturi ya jiwe. Anayeshika jiwe ndiye anayesema, na hakuna anayemkatiza mpaka alipitishe. Mwatime aliipenda, kwao baraza nyingi zingehitaji jiwe kama hilo.

Linden alikuwa nalo.

"Tumezungumza na tumekubaliana sote," alisema. "Tunataka uje, wewe na binti yako, mkae nyumba ya Audrey, bila kodi. Tunazeeka, Mwatime. Audrey anataka kufia hapa, na hawezi kukaa peke yake. Mwingine moyo wake mbovu. Mimi mwenyewe nyonga yangu unaiona. Wewe una mikono inayojua. Utamtunza Audrey, na sisi kadiri zamu zetu zitakavyofika. Nyumba itakuwa yenu muda wote utakaokuwa unatutunza."

Akalipitisha jiwe. Lilikuwa na joto la mikono yake. Wote walimtazama Mwatime wakitabasamu, kama watu walioleta zawadi na wanangoja ifunguliwe.

"Na nyinyi mkishaondoka?" Mwatime aliuliza.

Linden alijibu bila jiwe. "Tukishaondoka wote, ardhi inarudi kuwa msitu. Imeshaandikwa kwa wakili. Hakuna atakayeweza kuiuza tena."

"Na mimi?"

Kuku mmoja alilia. Mama wa machozi ya karibu akasema hiyo bado ni mbali.

"Mti wangu je?"

"Mti wako utabaki," Linden alisema. "Tulikuambia."

"Ni wa nani?"

"Hapa hatumiliki miti. Ardhi yenyewe haina mwenyewe. Sisi ni walinzi tu."

"Majina yaliyoandikwa mahakamani ni ya walinzi wangapi?"

Mkono mmoja ulinyooshwa kulitaka jiwe. Mwatime akalishika vizuri. "Jiwe bado liko kwangu."

"Watano," alisema Miss Audrey, akiwa ameinamia fimbo yake. "Mimi ni mmoja."

"Jina la sita linaingiaje?"

Haliingii, Linden alieleza, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka. Zamani kulitokea ugomvi uliokaribia kuwavunja, wakaapishana kutoongeza jina. Alidhani Mwatime alijua kwamba mti ni jambo jingine. Kila mgeni anayekuja hupanda, tangu mwaka wa kwanza. Wengine hawakurudi tena. Ndivyo wanavyomwambia mtu karibu.

"Kwetu karibu husemwa kwa chai," Mwatime alisema.

Hakuna aliyecheka. Alikaa na jiwe mapajani, na sote tunaoijua hesabu hii tunajua alichokuwa akikipima. Nyumba isiyo na kodi. Hewa safi, maji ya chemchemi, wanawake wasiomtukana. Na Laurel mlango umeshafungwa kwa ukucha mmoja. Akikubali, Jumatatu hana wasiwasi tena. Atawaogesha na kuwazika mmoja mmoja, na wa mwisho akishafukiwa yeye atakuwa mzee, amesimama na mabegi yake kwenye ardhi iliyoandikiwa vichaka. Alilijua shamba hilo. Alizaliwa juu yake.

"Muhogo nimeshaupanda maisha yangu yote," alisema kwa Kiswahili. Safa peke yake ndiye aliyesikia, na hakuna aliyemwomba atafsiri.

Mwatime aliliweka jiwe chini, kwenye nyasi, badala ya kulipitisha. Akaenda kibandani kwa vifaa akachukua sepetu.

Aliuchimba kwa kuuzunguka, mbali na shina, asikate mizizi. Linden alimfuata akichechemea. "Usifanye hivi. Umeshatoa majani. Ukiung'oa sasa utakufa."

"Utafia kwangu."

"Hatukukusudia kukuumiza. Unaamini hilo?"

Mwatime alisimama, mikono juu ya mpini. Jasho lilikuwa linamchuruzika chini ya mtandio. "Naamini. Yule wa kwetu alikusudia, nyinyi hamkukusudia. Lakini mimi nalala nje kote kuwili."

Safa alikuwa amekuja na ndoo ya plastiki na sepetu ya pili. Hakuuliza kitu. Alichimba upande wake, viatu vyake vyeupe vikazama kwenye tope, na walipouinua mche pamoja na bonge lake la udongo, akakifungua kile kibati akampa Linden mkononi.

"Hiki ni chenu," alisema kwa Kiingereza chake cha adabu.

Njia nzima ya kurudi Safa alikaa nyuma ameishika ndoo kati ya magoti. Walipoikuta barabara kuu, Miss Audrey alimgeukia Mwatime.

"Nilidhani utafurahi."

"Najua, Miss Audrey."

"Ningeweza kusema kitu pale. Nina jina."

Mwatime aliwasha kiashiria, akabadilisha njia, akakizima. "Jumatatu nitakuja saa zangu za kawaida," alisema. "Uji umebaki kidogo. Nitanunua."

*

Ofisini Laurel alirudi bila buibui zuri. Binti yule alikuwa mwema kiasi. Aliangalia kwenye mtambo kabla ya kusema haiwezekani. Nyumba imeshapata mtu. Kuna chumba kimoja kinachofunguliwa Agosti, na kodi yake ni zaidi ya ile aliyoikataa. "Ulisema una pako," alimkumbusha, na Mwatime akasema ndiyo, alisema.

Wiki ya mwisho ya Mei gari lilijaa masufuria, blanketi na vitabu vya Safa, wakaenda Landover. Wamaitha alikuwa ametoa makabati kwenye chumba cha chini ya nyumba, kile ambacho huku wote hukiita besimenti, akaweka vitanda viwili na pazia katikati. Dirisha lake lilitazama magurudumu ya gari la jirani. Hakusema nilikuambia. Alisema mwanawe Boniface ataonywa asipige mpira juu ya vichwa vya watu, na kwamba siku za mvua sakafu hutoa unyevu pembeni, kwa hiyo vitabu viwe juu.

"Hatutakaa sana," Mwatime alisema.

"Sijauliza."

"Nakuambia tu."

"Mama Safa, beba hiyo blanketi uingie. Watu wanatuangalia."

Mzigo wa mwisho ulikuwa ndoo. Mwatime aliishusha, akasimama nayo kando ya gari. Majani mawili yalikuwa yamekauka, mengine yamening'inia, lakini alipokwaruza gome kwa ukucha, chini yake palikuwa kijani. Kipande cha kanga kilikuwa bado kimefungwa shinani, chenye tope.

Wamaitha aliutazama. "Ndio huo?"

"Ndio huu."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kidogo, nyasi tu, na uzio wa mbao. Wamaitha alinyoosha mkono kuelekea huko, kama mwenye nyumba yeyote angefanya. "Si uupande pale karibu na..."

"Mama Boni." Mwatime alimtazama usoni. "Usiniambie panda kama hujui unachosema."

Mkono wa Wamaitha ulibaki hewani. Alikigeukia kiwanja chake, akakitazama kwa muda, uzio mpaka ukuta, ukuta mpaka uzio, kile kipande ambacho babake, kule Murang'a, alikufa bila kupata mfano wake, na ambacho yeye alikuwa akikilipia kwa zamu za usiku. Akautazama mche. Akamtazama rafiki yake. Kisha akaushusha mkono.

"Basi," alisema polepole. "Siwezi kusema hivyo. Bado."

"Sawa."

"Ukae kwenye ndoo kwanza."

"Ukae kwenye ndoo."

Watu wote waliomwambia Mwatime panda kwa tabasamu, na huyu ndiye wa kwanza kulipima lile neno akaogopa kulitoa. Mwatime aliiweka ndoo kando ya ngazi za besimenti, mahali panapopata jua la asubuhi. Safa akaja na kikombe cha maji, akaumwagilia mche. Maji yalisimama juu ya udongo, hayakushuka.

Wamaitha aliinama akaipapasa ndoo kwa chini. "Hii haina tundu. Mizizi itaoza."

"Kule shambani hawakuwa na nyingine."

"Inua," Wamaitha alisema, akaingia ndani. Alitoka na nyundo na msumari mrefu. Mwatime na Safa wakaiinua ndoo wakailaza ubavu, mche umeegemea bega la Safa, na Wamaitha, bado amevaa sare ya kazi, akapiga magoti kwenye saruji akaanza kuitoboa.